Mzingo wa pembetatu: kufumbua swali la mafumbo na kupima kama jibu linawezekana

Tazama swali hili. "Pembetatu ina mzingo wa sentimita 35. Upande wa pili ni mara mbili ya upande wa kwanza, na upande wa tatu ni mara nne ya upande wa kwanza. Tafuta urefu wa kila upande."

Mwanafunzi wa darasa la saba anayejua kazi yake ataandika x + 2x + 4x = 35, atapata 7x = 35, kisha x = 5. Pande zake ni 5, 10 na 20. Atahakiki kwa kujumlisha: 5 + 10 + 20 = 35. Kila mstari wa hesabu hiyo ni sahihi, ila hakuna pembetatu yoyote yenye pande za sentimita 5, 10 na 20. Haichoreki, haikatiki kwenye ubao wala haishoneki kwenye kitambaa.

Wengi wetu tumezoea kwamba kuhakiki ni kujumlisha pande upya na kuona kama zinarudi kwenye mzingo. Kujumlisha huko kunakuonyesha tu kama ulikosea kutoa au kugawanya. Hakukwambii kama umbo lenyewe lipo. Nimeuandika mwongozo huu kwa mwanafunzi wa darasa la sita hadi kidato cha pili, kwa mzazi anayekaa na mtoto jioni kusimamia kazi za shule, na kwa mwalimu wa twisheni anayetunga maswali yake mwenyewe. Huyu wa mwisho namwomba asome hadi chini, kwa sababu swali lisilowezekana mara nyingi huzaliwa kwa mtungaji, na mtoto ndiye anayehangaika nalo.

Anza na vijiti vya chelewa

Kabla ya kanuni, fanya kwa mikono. Hapa Tanga fagio la chelewa halikosekani nyumbani. Chomoa vijiti vitatu, ukate kimoja sentimita 20, cha pili 10 na cha tatu 5. Laza kile cha 20 mezani. Ncha ya kushoto weka kile cha 10, ncha ya kulia kile cha 5, halafu jaribu kuvikutanisha kwa juu. Ukivisimamisha, ncha zake ziko mbalimbali. Viinamishe vielekeane, vitasogeleana. Endelea kuviinamisha mpaka vilale kabisa juu ya kile kirefu. Bado katikati kuna uwazi, na ukiupima utakuta ni sentimita 5. Usidhani umekata vibaya. Uwazi huo ni 20 − (10 + 5), na utakuwepo hata ukikata kwa mkasi wa sonara.

Sasa kiondoe kile cha 5, weka kingine cha sentimita 10. Safari hii ncha zinagusana, ila zinagusana vijiti vikiwa vimelala. Umepata mstari, hujapata pembetatu. Barabara ya kutoka Tanga kwenda Segera iko hivyohivyo: inapita Muheza, kwa hiyo kilomita za Tanga hadi Muheza ukijumlisha na za Muheza hadi Segera unapata zilezile za Tanga hadi Segera. Hakuna kona ya tatu.

Kata kijiti cha sentimita 12, ukitumie badala ya kimoja cha 10. Ukiwa na 10, 12 na 20, vijiti viwili vinakutana hewani na pembetatu inainuka. Mtoto aliyeona vijiti vikiinuka hahitaji kukaririshwa kanuni ifuatayo: jumla ya pande mbili zozote za pembetatu lazima iwe kubwa kuliko upande wa tatu. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyefanya kazi Aleksandria ya Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliithibitisha kanuni hii, na mpaka leo haijatolewa pembetatu bapa hata moja inayoikataa.

Huna haja ya kujaribu jozi zote tatu. Jumlisha pande mbili fupi, ulinganishe na ule mrefu kuliko wote. Zikiushinda huo, jozi nyingine zimeshapita.

Nusu ya mzingo

Kwenye maswali ya mzingo kanuni hiyo ina sura nyingine iliyo nyepesi zaidi, na ndiyo ningependa msomaji aondoke nayo hata kama mengine yatamtoka.

Tuziite pande a, b na c, na c uwe ndio mrefu kuliko wote. Tunajua kwamba c < a + b. Ongeza c kushoto na kulia kwa alama: 2c < a + b + c. Kulia sasa ni mzingo mzima. Maana yake, ukizidisha upande mrefu kwa mbili bado haufiki mzingo. Kwa maneno mengine, upande mrefu kuliko wote lazima uwe chini ya nusu ya mzingo.

Lirudie swali la mwanzo. Mzingo ni 35, nusu yake ni 17.5. Upande wa 20 umevuka. Hapo umeshamaliza, bila kujumlisha jozi hata moja.

Kuna mpaka wa chini pia. Upande mrefu hauwezi kuwa chini ya theluthi ya mzingo, kwa sababu kama ule mrefu haufiki theluthi, basi na wenzake hawafiki, na watatu hao wakijumlishwa hawawezi kuujaza mzingo. Kwa hiyo upande mrefu unakaa kati ya theluthi na nusu. Theluthi kamili unaruhusiwa kuwa, na hapo pande zote tatu zinalingana. Nusu kamili hauruhusiwi, maana vijiti vinalala.

Faida yake ni kwamba unajua jibu linakaa wapi kabla hujaandika mlinganyo. Mzingo ni mita 60? Andika pembeni mwa karatasi: "mrefu: kuanzia 20, chini ya 30." Ukimaliza kukokotoa ukapata upande mrefu ni 34, hujahitaji mwalimu wa kukusahihishia. Ama umekosea, ama swali ni bovu.

Jaribu na njiti 12 za kiberiti, bila kuvunja hata moja. Ni pembetatu ngapi tofauti zinaweza kuundwa kwa kutumia njiti zote 12? Theluthi ni 4, nusu ni 6, kwa hiyo upande mrefu ni njiti 4 au 5, basi. Ukiwa 4, unapata 4, 4, 4. Ukiwa 5, zinabaki 7 za kugawa kwa pande mbili ambazo hakuna unaozidi 5: yaani 5 na 2, au 4 na 3. Jumla ni pembetatu tatu. Mtoto asiyejua nusu ya mzingo atakaa na njiti muda mrefu akijaribu 6, 4, 2 na 7, 3, 2 bila kuelewa kwa nini hazifungi.

Kulisoma swali

Maswali ya mafumbo yanaangusha watoto kwenye Kiswahili kabla hayajawaangusha kwenye hesabu. Lisome mara mbili, na mara ya pili tafuta upande ambao wenzake wanaelezwa kwa kuutaja. Ukisoma "upande wa pili ni zaidi kwa 5 kuliko wa kwanza, wa tatu ni mara mbili ya wa kwanza", upande wa kwanza ndio unaotajwatajwa. Huo ndio uupe herufi x. Ukiipa x upande mwingine utafika pia, ila kwa njia ndefu na sehemu nyingi.

Kisha tafsiri kipande kwa kipande. "Zaidi kwa 5 kuliko" ni x + 5. "Pungufu kwa 3 kuliko" ni x − 3. "Mara mbili ya" ni 2x. "Nusu ya" ni x gawanya kwa 2. Panapohitaji utulivu ni pale maneno mawili yanapokutana: "pungufu kwa 3 kuliko mara mbili ya upande wa kwanza" ni 2x − 3, kwa sababu unaanza na mara mbili ndipo unapunguza. "Mara mbili ya upande uliopungua 3" ni 2(x − 3), yaani 2x − 6. Tofauti ya mabano hayo inabadilisha jibu lote.

Kwa watungaji: msiandike "mara mbili zaidi ya". Mmoja atasoma 2x na mwenzake 3x, na wote wana hoja. Andikeni "mara mbili ya".

Kiwanja cha pembe tatu Pongwe

Tufanye moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme mtu ana kiwanja cha pembe tatu Pongwe na anataka kukizungushia uzio. Upande wa pili ni zaidi kwa mita 5 kuliko wa kwanza. Upande wa tatu ni pungufu kwa mita 3 kuliko mara mbili ya wa kwanza. Mzingo ni mita 74.

Chora kwanza pembetatu yoyote, hata mbaya, uandike kwenye pande zake x, x + 5 na 2x − 3. Mchoro si pambo. Unakulazimisha uwe na pande tatu, na wapo wanaojumlisha mbili tu kwa sababu swali lilitaja namba mbili.

Pembeni andika mipaka: theluthi ya 74 ni takriban 24.7, nusu ni 37.

Mlinganyo ni:

x + (x + 5) + (2x − 3) = 74

4x + 2 = 74

4x = 72

x = 18

Usiishie hapo. Swali liliuliza pande, na x ni upande mmoja tu. Pande ni 18, 23 na 33.

Sasa uhakiki, na uwe wa aina tatu. Jumla: 18 + 23 + 33 = 74, sawa. Umbo: mrefu ni 33, uko chini ya 37, na 18 + 23 = 41 inaushinda. Maneno: rudi kwenye swali lenyewe, usirudi kwenye mlinganyo wako. Je, 23 ni zaidi kwa 5 kuliko 18? Ndiyo. Je, 33 ni pungufu kwa 3 kuliko mara mbili ya 18? Mara mbili ya 18 ni 36, toa 3, ni 33. Ndiyo.

Shambani kazi inaendelea. Akitaka mistari minne ya seng'enge, atahitaji 74 × 4 = mita 296, na ya kufungia kwenye nguzo aongeze. Nguzo je, kama nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi mita 2? Wengi wanagawanya 74 kwa 2 wanapata 37. Uzio uliofunga kweli una nguzo sawa na idadi ya nafasi zake, ila hesabu hiyo imesahau kona. Kila kona lazima ipate nguzo, kwa hiyo kila upande uhesabiwe peke yake. Mita 18 ni nafasi 9. Mita 23 ni nafasi 11 na nusu, kwa hiyo weka 12 zilizobanwa kidogo. Mita 33 ni 16 na nusu, weka 17. Jumla ni 38. Ukinunua 37, nguzo moja itapungua.

Swali ambalo kipimo cha umbo hakiligundui

Ngalawa nyingi za pwani yetu zina tanga la pembe tatu. Upande mmoja hufungwa kwenye foramali, ule mti unaobeba tanga, na pembezoni hushonewa kamba ili kitambaa kisichanwe na upepo. Kamba hiyo ya pembezoni ndiyo mzingo. Tuseme fundi pale Sahare ametumia kamba ya katani ya mita 17, ikazunguka tanga lote bila kubaki. Upande wa nyuma ni mrefu kwa mita 1 kuliko upande wa chini. Upande wa foramali ni pungufu kwa mita 2 kuliko mara mbili ya upande wa chini.

Upande wa chini ndio unaotajwatajwa, uwe x. Basi x + (x + 1) + (2x − 2) = 17, yaani 4x − 1 = 17, na x = 4.5. Pande ni mita 4.5, 5.5 na 7. Nusu ya mzingo ni 8.5, na 7 iko chini yake. Jibu lenye desimali halijawa kosa kwa sababu ya desimali. Kitambaa kinakatika popote, tofauti na njiti za kiberiti.

Sasa tuseme mwanafunzi ameandika 2(x − 2) badala ya 2x − 2. Anapata 4x − 3 = 17, x = 5, na pande 5, 6 na 6. Jumla ni 17. Mrefu ni 6, chini ya 8.5. Vipimo viwili vimepita, pembetatu ipo, inashoneka, lakini si tanga la swali hili. Mara mbili ya 5 ni 10, toa 2 ni 8, na yeye ana 6. Ndiyo maana kipimo cha maneno hakiachwi. Umbo kuwezekana hakuthibitishi kwamba ndilo uliloulizwa.

Kipimo cha umbo nacho kinaweza kukataa jibu zuri pale vipimo vinapochanganywa. Fundi akikupa pande mita 3, sentimita 250 na futi 6, ukiandika 3, 250 na 6 utasema haiwezekani. Geuza kwanza. Futi 1 ni sentimita 30.48, kwa hiyo futi 6 ni karibu mita 1.83. Pande ni 3, 2.5 na 1.83, na pembetatu ipo, yenye mzingo wa takriban mita 7.33. Wari, kwa wanaopima vitambaa, ni sentimita 91.44.

Pembetatu pacha: majibu mawili, moja, au hakuna

Hapa ndipo maksi nyingi zinapopotea, na ndipo kipimo cha umbo kinapofanya kazi ya kweli. Pembetatu pacha ina pande mbili zinazolingana. Swali linaposema "upande mmoja ni mrefu kwa 6 kuliko mwingine" halijakwambia kama ule mrefu ndio kitako au ndio mmoja wa mapacha. Lazima ufanye njia zote mbili.

Mzingo 30, tofauti 6. Njia ya kwanza: mapacha ni x na x, kitako x + 6. Basi 3x + 6 = 30, x = 8, pande 8, 8, 14. Nusu ni 15, imepita. Njia ya pili: kitako ni x, mapacha ni x + 6. Basi 3x + 12 = 30, x = 6, pande 6, 12, 12. Nayo imepita. Swali hili lina majibu mawili, na anayeandika moja amefanya nusu ya kazi.

Badilisha namba: mzingo 24, tofauti 9. Njia ya kwanza inatoa 3x + 9 = 24, x = 5, pande 5, 5, 14. Nusu ni 12, na 14 imevuka. Itupe. Njia ya pili inatoa 3x + 18 = 24, x = 2, pande 2, 11, 11. Imepita. Jibu ni moja.

Na mzingo ukiwa 15 huku tofauti ni 8? Njia ya kwanza: 3x + 8 = 15, x ni 7 gawanya kwa 3, kitako ni zaidi ya 10, nusu ni 7.5, haiwezekani. Njia ya pili: 3x + 16 = 15, x inakuwa hasi, haiwezekani. Jibu kamili hapo ni sentensi: "Hakuna pembetatu ya namna hiyo", na sababu zake mbili. Mwanafunzi asiogope kuliandika. Ni jibu kama majibu mengine, mradi limeonyeshwa.

Pembetatu yenye pembe mraba

Hapa kuna kipimo cha ziada. Mafundi wanaopima msingi wa nyumba wanakijua bila daftari: mita 3 huku, mita 4 kule, na tepu ikisoma mita 5 kwa mshazari, kona imekaa sawa.

Swali: pembetatu yenye pembe mraba ina mzingo wa 60, na upande unaotazamana na pembe mraba ni 25. Pande mbili nyingine zina tofauti ya 5. Basi x + (x + 5) = 35, x = 15, pande 15, 20, 25. Jumla ni 60, nusu ni 30. Sasa kanuni ya Pythagoras (zidisha kila upande kwa wenyewe, na majibu ya pande mbili fupi yakijumlishwa yawe sawa na jibu la ule mrefu): 225 + 400 = 625, na 25 × 25 = 625. Imekubali.

Mtungaji akibadilisha tofauti iwe 7, utapata 14, 21, 25. Jumla bado ni 60, mrefu bado uko chini ya 30, pembetatu ipo. Ila 196 + 441 = 637, si 625. Pembetatu hiyo haina pembe mraba, kwa hiyo swali limejipinga lenyewe: limetoa taarifa moja zaidi ya inayohitajika, na hiyo iliyozidi imegombana na nyingine.

Herufi hasi, na mipaka ya x

Usitupe jibu kwa sababu x ni hasi, wala usilikubali kwa sababu x ni chanya. Kinachopaswa kuwa chanya ni pande. Chukua pande x + 12, 2x + 20 na 14 − x, mzingo 42. Jumla ni 2x + 46 = 42, x = −2. Pande zinakuwa 10, 16 na 16, pembetatu safi. Kisha chukua x, x + 30 na 2x − 20, mzingo 46. Unapata 4x + 10 = 46, x = 9, chanya kabisa, ila pande ni 9, 39 na −2. Jumla inarudi 46, na jibu halifai.

Kwa waliofika sekondari, kuna swali la kupendeza zaidi: bila kupewa mzingo, x inaruhusiwa kuwa ngapi? Pande ziwe x + 1, 2x na 10. Andika kanuni mara tatu. 10 < 3x + 1 inatoa x > 3. 2x < x + 11 inatoa x < 11. Na x + 1 < 2x + 10 inatimia yenyewe x ikiwa chanya. Kwa hiyo x iko kati ya 3 na 11, na kwa kuwa mzingo ni 3x + 11, mzingo wenyewe uko kati ya 20 na 44. Mtu akikuuliza swali hilo kwa mzingo wa 50, mwambie hapohapo halina jibu. Asipoamini akokotoe: x = 13, pande 14, 26 na 10, na 14 + 10 haifiki 26.

Wanaotafuta eneo kwa kanuni ya Heron watakutana na jambo hilihili. Kanuni hiyo huanza na nusu ya mzingo, hutoa kila upande kwenye nusu hiyo, huzidisha vyote pamoja na nusu yenyewe, kisha hutafuta kipeuo cha pili. Kiwanja chetu cha Pongwe ni 37 × 19 × 14 × 4 = 39,368, na kipeuo chake ni takriban mita za mraba 198.4. Jaribu na 5, 10 na 20: 17.5 − 20 ni −2.5, namba nzima inakuwa hasi, na kalkuleta inagoma.

Kutunga swali linalowezekana

Usianze na mzingo. Anza na pande tatu ulizozipima kwa nusu ya mzingo, kisha ndipo uzieleze kwa maneno. Kwenye maswali ya uwiano, angalia uwiano kabla ya kitu kingine, kwa sababu mzingo hauwezi kuuokoa. Pande zenye uwiano wa 2 : 3 : 4 zinawezekana kwa mzingo wowote. Zenye 1 : 2 : 3 zinalala kwa mzingo wowote. Zenye 1 : 2 : 4, zile za swali letu la mwanzo, hazikutani kamwe, hata mzingo uwe sentimita 35 au kilomita 35.

Mazoezi, pamoja na majibu

1. Mzingo 48, uwiano wa pande 3 : 4 : 5. Pande ni 12, 16, 20. Nusu ni 24, imepita, na ina pembe mraba.

2. Upande wa pili ni zaidi kwa 7 kuliko wa kwanza, wa tatu ni mara tatu ya wa kwanza, mzingo 57. Unapata 5x + 7 = 57, pande 10, 17, 30. Nusu ni 28.5. Haiwezekani.

3. Pembetatu pacha, mzingo 26, upande mmoja 6. Kama 6 ni pacha: 6, 6, 14, haiwezekani. Kama 6 ni kitako: 6, 10, 10. Hilo ndilo jibu pekee.

4. Pande ni x, x + 3 na 2x − 1. Mzingo unaweza kuwa ngapi? Kanuni inayobana ni x + 3 < x + (2x − 1), inayotoa x > 2. Nyingine mbili zinatimia zenyewe. Mzingo ni 4x + 2, kwa hiyo wowote ulio zaidi ya 10 unafaa. Ukiwa 10 kamili, pande ni 2, 5 na 3, na vijiti vinalala.